Kubandika Saitokromu c Kwenye Dhahabu Hadi Uone Vilele Vyake: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Nyanda za Juu Kusini

Wengi wanaojaribu kazi hii huishia mahali pamoja. Wanaweka saitokromu c, protini inayobeba elektroni, juu ya elektrodi ya dhahabu, wanazungusha volti (wanaishusha na kuipandisha huku wakichora mkondo), na mchoro unatoka mtupu, bila kilele hata kimoja. Wengine huona vilele Jumatatu na kuvikosa Jumanne kwa elektrodi ileile. Lawama huangukia protini: imeoza, imefia njiani kwenye basi la kutoka Dar es Salaam.

Mara nyingi protini haina kosa. Kazi huwa imeshaharibika kabla tone la kwanza halijagusa dhahabu. Dhahabu ilikuwa chafu, au tabaka la chini lilikuwa na matundu, au bafa (maji yenye chumvi yanayotunza pH) ilikuwa na chumvi nyingi. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mwongozo huu haina protini kabisa. Usiiruke.

## Tunachojenga

Chini kabisa kuna dhahabu. Juu yake linakaa tabaka moja la molekuli za thioli, ncha ya salfa ikiwa imeshika dhahabu na ncha ya asidi ikitazama juu. Kwenye pH 7 sehemu ya ncha hizo za asidi huwa na chaji hasi. Saitokromu c ya moyo wa farasi, yenye uzito wa takriban daltoni 12,400, ina chaji chanya, na lisini zake nyingi (asidi amino zenye chaji chanya) zimezunguka upande ambao hemu, kiini chenye chuma kinachobeba elektroni, imechungulia nje. Kwa hiyo protini hujilaza yenyewe, hemu ikielekea dhahabu, na elektroni hupenya tabaka la thioli kwenda na kurudi.

Kinachoishikilia ni mvuto wa chaji tu. Chumvi ikizidi, mvuto hufifia na protini huondoka. Makosa mengi utakayokutana nayo yanaanzia hapo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Elektrodi ya diski ya dhahabu safi, kipenyo mm 2 (eneo la kijiometri 0.0314 cm²). Bora mbili: moja ya kazi, nyingine pacha wa majaribio.
- Elektrodi rejea ya Ag/AgCl yenye KCl 3 M, pamoja na mrija wa daraja wenye kichujio cha kioo.
- Waya wa platinamu kama elektrodi saidizi, na seli ya kioo ya mL 10 hadi 20.
- Potenshiostati (mashine ya kuweka volti na kupima mkondo) inayosoma chini ya nA 10 bila kutetemeka.
- Unga wa alumina wa µm 1.0, 0.3 na 0.05, na vitambaa vitatu vya kung'arishia, kila unga na chake.
- Asidi ya sulfuriki, hidroksidi ya sodiamu, K₂HPO₄, KH₂PO₄ na KCl, vyote vya daraja la uchambuzi.
- Asidi ya 11-merkaptoundekanoiki na 11-merkaptoundekanoli. Kuanzia hapa tutaziita thioli ya asidi na thioli ya alkoholi.
- Ethanoli kavu ya maabara. Spiriti ya dukani ina rangi na vitu vya kuifanya isinyweke, na hivyo navyo hushika dhahabu.
- Saitokromu c ya moyo wa farasi, ya unga mkavu.
- Naitrojeni au agoni, mashine ya ultrasoniki, pH-mita, spektrofotomita na kipimajoto.

Tahadhari mbili kuhusu dhahabu. Usijitengenezee elektrodi kwa kipande cha sonara: dhahabu ya karati 18 ina shaba na fedha, na metali hizo zitakuletea vilele vyake palepale unapotafuta vya protini. Pili, kama maabara yenu hupima pia sampuli za wachimbaji wadogo wa Chunya, weka elektrodi mbali na meza hiyo. Zebaki huungana na dhahabu mara moja, na hapo hakuna kung'arisha kutakakokuokoa.

## Hatua ya 1: Maji, bafa na joto la chumba

Tumia maji ya upinzani wa 18 MΩ·cm. Kama mashine haipo, chukua yaliyokenekwa mara mbili kwenye kioo. Maji ya betri ya vituo vya mafuta hayafai hata kidogo: mabaki ya asidi na uchafu wa plastiki humo hufunika dhahabu.

Bafa ni fosfati ya potasiamu 5 mM, pH 7.0. Kwa lita moja pima K₂HPO₄ g 0.41 na KH₂PO₄ g 0.36, yeyusha, kisha sahihisha kwa pH-mita iliyosawazishwa siku hiyohiyo. Ni tano, si hamsini. Bafa ya PBS iliyojaa kwenye kila jokofu la baiolojia ina chumvi karibu 0.15 M, na ndiyo muuaji namba moja wa utando huu. Andika neno «PBS» kwa kalamu nyekundu kwenye chupa yake na uiweke kabati jingine.

Sasa joto. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, chumba cha maabara Mbeya, Njombe au Makete kinaweza kuwa chini ya nyuzi 15 asubuhi na kupita 22 alasiri. Elektrodi rejea husogea, elektroni hupungua kasi, na upana wa kilele unabadilika. Weka seli ndani ya beseni la maji ya nyuzi 25, kipimajoto kikiwa ndani ya maji, na uongeze maji ya moto kidogo kidogo. Ni njia ya kizamani lakini inatosha. Andika joto kwenye kila faili.

## Hatua ya 2: Safisha dhahabu mpaka ikuoneshe

Hapa ndipo muda wako mwingi uende.

Toa utando wa zamani. Kama elektrodi iliwahi kuvaa thioli, iweke kwenye NaOH 0.5 M (g 2 kwa mL 100) na uzungushe volti kati ya −0.4 na −1.4 V mara kumi kwa 0.1 V/s. Kwenye volti hizo hasi salfa huachia dhahabu. Kilele cha kuachia kikipotea, umemaliza.

Ng'arisha. Anza na alumina ya µm 1.0, halafu 0.3, halafu 0.05, dakika mbili hadi tatu kila moja. Shika elektrodi wima na uchore umbo la nane kwa mkono mwepesi. Ukiilaza upande mmoja, uso unakuwa na mteremko na eneo linabadilika. Kati ya unga na unga suuza kwa maji mengi, kwa sababu chembe moja kubwa ikibebwa hadi kitambaa cha mwisho itachora mistari upya.

Ultrasoniki. Dakika tatu kwenye maji, tatu kwenye ethanoli, tatu tena kwenye maji. Alumina iliyobaki kwenye mikwaruzo ni uchafu usioonekana kwa macho.

Asidi. Tengeneza H₂SO₄ 0.5 M: mimina asidi iliyokolea mL 2.7 polepole ndani ya maji mL 90, poza, jaza hadi 100. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si kinyume. Vaa miwani. Mchanganyiko wa asidi ya sulfuriki na peroksidi, ambao maelekezo mengi hupenda kuutaja, sisi tunashauri uuache: hulipuka ukikutana na ethanoli, na kwa diski yenye ala ya plastiki hauna faida ambayo umeme hauwezi kukupa.

Zungusha volti kati ya −0.2 na +1.5 V kwa 0.1 V/s, mizunguko 20 hadi 30, mpaka mchoro wa mwisho ukae juu ya uliotangulia bila kutofautiana.

Kuna mtego hapa. Elektrodi rejea ya Ag/AgCl huvujisha kloraidi, na kloraidi kwenye volti za juu huyeyusha dhahabu. Utaona kilele kinachokua kila mzunguko, na uso wako unaliwa. Weka rejea ndani ya mrija wa daraja uliojazwa asidi ileile.

Mafanikio yanavyoonekana: ukipanda, mkondo unakuwa tambarare mpaka karibu +1.1 V, kisha oksidi inaanza kujengeka. Ukishuka, unapata kilele kimoja chembamba cha kuondoa oksidi karibu na +0.9 V. Vilele viwili, au bega pembeni, maana yake uchafu. Rudi kwenye alumina.

Kilele hicho pia hukupa eneo halisi. Chaji yake, ukigawa kwa 390 µC/cm², ni eneo la dhahabu linaloguswa na maji. Mfano: ukipata µC 16, eneo ni 0.041 cm², yaani mara 1.3 ya lile la kijiometri. Uwiano wa 1.2 hadi 2 ni wa kawaida. Iandike namba hiyo, utaihitaji Hatua ya 7.

Malizia mzunguko wa mwisho ukiwa unashuka, simamisha karibu +0.2 V ili oksidi iwe imeondoka. Dhahabu yenye oksidi huila thioli unayotaka kuipanda. Suuza kwa maji, kwa ethanoli, na ndani ya dakika moja iwe tayari kwenye thioli. Hewa ya maabara ina mafuta ya kutosha kuichafua ukienda kunywa chai kwanza.

## Hatua ya 3: Panda tabaka la thioli

Kwa mL 10 za ethanoli pima thioli ya asidi mg 2.7 na thioli ya alkoholi mg 7.7. Hiyo ni jumla ya 5 mM kwa uwiano wa 1 kwa 3. Kama mizani yako haisomi chini ya mg 1 kwa uhakika, tengeneza mchanganyiko mzito wa mL 100 na uuchukulie humo.

Kwa nini kuchanganya? Ncha za asidi zikijazana peke yake, protini hushikwa kwa nguvu mno na katika mikao tofautitofauti, hivyo kila moja hutoa elektroni kwa kasi yake na kilele kinatanuka. Alkoholi inazitenganisha ncha hizo.

Zamisha elektrodi, funga mdomo wa chupa vizuri, weka gizani saa 48. Usiku mmoja utakupa tabaka, lakini lenye matundu. Salfa hushika dhahabu ndani ya dakika chache, ilhali minyororo ya kaboni huchukua siku nzima kujipanga wima.

Ukitoa, suuza kwa ethanoli yenye asilimia 2 ya asidi ya asetiki, kisha ethanoli safi, kisha maji, kisha bafa. Asidi ya asetiki huondoa molekuli zilizopanda juu ya wenzao kwa kushikana ncha. Usiifute kwa karatasi.

## Hatua ya 4: Lipime tabaka kabla hujaleta protini

Weka elektrodi kwenye bafa 5 mM, zungusha kati ya +0.3 na −0.3 V kwa 0.1 V/s. Unatafuta mchoro wenye umbo la sanduku jembamba, lisilo na kilele.

Soma mkondo katikati ya sanduku, yaani nusu ya urefu wake, ugawe kwa kasi na kwa eneo halisi, upate uwezo wa uso kuhifadhi chaji. Dhahabu tupu hutoa µF 20 hadi 40 kwa cm². Tabaka zuri la kaboni 11 hutoa kama 1.5 hadi 4. Kwa eneo la 0.041 cm² na µF 3, mkondo ni nA 12 hivi. Ukiona nA 60, tabaka lina matundu, na protini ukiiweka hapo itaigusa dhahabu, itafumuka na kukuziba macho.

Jaribio la ferisianidi (1 mM kwenye KCl 0.1 M) nalo ni zuri: dhahabu tupu inaonesha vilele vilivyoachana mV 60 hadi 80, tabaka zima huvifuta karibu vyote. Lifanye kwa elektrodi pacha, si kwa ile utakayotumia.

Hifadhi faili la sanduku hili tupu. Ndilo utakalotoa kwenye mchoro wa protini baadaye. Ripoti nyingi hurudishwa kwa kukosa faili hili moja.

## Hatua ya 5: Laza protini

Unga mkavu wa saitokromu c ni mvumilivu. Safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam ndani ya kasha la barafu haiuui. Protini iliyokwisha kuyeyushwa ndiyo dhaifu, kwa hiyo agiza unga, uhifadhi kwenye −20, na uyeyushe kiasi cha siku hiyo tu. Acha chupa ifike joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya unga na mizani itakudanganya.

Yeyusha mg 2 kwenye bafa mL 5. Rangi inakuwa nyekundu ya tofali. Lengo ni takriban 30 µM, lakini usiamini mizani peke yake: punguza mara kumi na usome kwenye nm 409. Kwa protini iliyooksidishwa, 1 mM hufyonza 106 kwa kila cm, kwa hiyo 3 µM isome 0.32. Kama kilele cha mwanga kimesogea kuelekea nm 415 na kuna mwingine mwembamba kwenye 550, sehemu ya protini imeshapokea elektroni. Kwa kazi hii si tatizo.

Simamisha elektrodi kichwa chini, dondosha µL 20 za protini juu ya diski, na ulifunike tone kwa kifuniko cha kijichupa ili lisikauke. Saa mbili. Kipindi cha kiangazi, Agosti hadi Oktoba, hewa ya Usangu na Iringa hukausha haraka, basi weka pamba yenye maji pembeni ndani ya kifuniko. Tone likikauka, chumvi zake hukolea na protini hufumuka juu ya uso.

Suuza kwa bafa ileile ya 5 mM, mL 1 mara tatu, ukiimimina pembeni.

## Hatua ya 6: Kupima

Mimina bafa mL 10 kwenye seli, pitisha naitrojeni dakika 15, kisha inua mrija gesi ibaki ikielea juu tu. Ukiiacha itoe mapovu wakati wa kupima, mchoro utacheza ngoma.

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na oksijeni iliyoyeyuka majini ni pungufu kuliko pwani, lakini bado inatosha kupindisha mstari upande wa −0.3 V. Na usijaribu kubadilisha naitrojeni kwa ile gesi inayochimbwa Rungwe kwa sababu ni ya karibu na rahisi. Hiyo ni kabonidioksaidi. Bafa ya 5 mM haina ubavu wa kuizuia, pH inashuka papo hapo na ncha za asidi zinapoteza chaji inayoshika protini.

Mipangilio:

- Anza +0.3 V, shuka hadi −0.3 V, rudi. Kasi 0.1 V/s, mizunguko mitano.
- Kipimo cha mkondo funga kwenye nA 100 au µA 1. Ukiacha kijichague, kitaruka katikati ya kilele na kuacha ngazi.
- Hatua za volti mV 1 au chini, na uchague njia inayosoma wastani wa mkondo kwa hatua nzima.

Hilo la mwisho halisemwi sana. Potenshiostati za kidijitali hupandisha volti kwa vingazi na kusoma mwishoni mwa kila kingazi. Protini iliyobandikwa humaliza kutoa elektroni mwanzoni mwa kingazi, kabla mashine haijasoma. Kilele kinaonekana kidogo au hakipo, na mtu anaitupa elektrodi nzuri.

Kuhusu kelele: kama mstari unatetemeka mara 50 kwa sekunde, hiyo ni nyaya za umeme ukutani. Chomoa chaja, endesha potenshiostati ya USB kwa betri ya kompyuta, na uweke seli ndani ya debe la bati lililotobolewa tundu la nyaya, bati likiunganishwa na tundu la ardhi la potenshiostati yenyewe, si bomba la maji. Faida ya ziada: umeme ukikatika hupotezi kipimo.

Mafanikio yanavyoonekana: vilele viwili, kimoja cha kushuka na kimoja cha kupanda, karibu kukabiliana wima, katikati yao ikiwa kati ya −20 na +50 mV dhidi ya Ag/AgCl. Kwa elektrodi tunayoitolea mfano, tarajia kilele cha nA 25 hadi 35 juu ya sanduku la nA 12. Ndiyo, ni kidogo hivyo. Wanaotafuta mikroampea hukipita wakikitazama.

## Hatua ya 7: Soma mchoro na uhesabu

Toa faili la sanduku tupu, au chora mstari wa msingi chini ya kilele, kisha angalia mambo haya kwa mpangilio.

Umbali wa vilele. Kwa kasi ya 0.05 V/s usizidi mV 10. Vilele vikiachana mV 60 kwa kasi hiyo, unatazama protini inayoelea kwenye maji au tabaka nene mno.

Urefu dhidi ya kasi. Pima kwa 0.02, 0.05, 0.1, 0.2 na 0.5 V/s. Urefu wa kilele ukue sawasawa na kasi. Ukikua kwa kipeuo cha pili cha kasi, protini haijabandikwa, inasambaa. Na usidhani kuongeza kasi kutakitenganisha kilele na sanduku: vyote viwili hukua pamoja. Dawa ya kilele kifupi ni protini zaidi juu ya uso, au sanduku jembamba zaidi.

Upana katikati ya urefu. Nadharia kwa elektroni moja ni mV 90.6 kwenye nyuzi 25, na mV 87.6 kwenye nyuzi 15. Utando halisi hutoa 95 hadi 120. Ukipita 140, molekuli zako zimekaa kila moja kivyake. Kagua uwiano wa thioli.

Kiasi cha protini. Pima eneo chini ya kilele. Tuseme ni 3.6 nA·V kwa kasi ya 0.1 V/s. Gawa kwa kasi upate chaji, nC 36. Gawa kwa 96,485 upate mol 3.7 × 10⁻¹³. Gawa kwa eneo halisi 0.041 cm², unapata takriban pmol 9 kwa cm².

Tabaka moja lililojaa kabisa ni karibu pmol 15 kwa cm². Kati ya 6 na 13 ni kazi nzuri. Ukipata 40 usishangilie: umetumia eneo la kijiometri, au umehesabu sanduku kama sehemu ya kilele.

## Hatua ya 8: Kasi ya elektroni

Endelea kuongeza kasi: 1, 2, 5 V/s. Vilele vitaanza kuachana kwa sababu elektroni haziwahi. Njia ya mwanakemia Laviron ya mwaka 1979 hugeuza umbali huo kuwa kasi ya kuhamisha elektroni. Njia fupi kwa elektroni moja, nyuzi 25 na vilele vinavyolingana: tafuta kasi ya volti ambayo vilele vimeachana mV 61, kisha zidisha kasi hiyo kwa 19.5. Vikifika umbali huo kwenye 2 V/s, jibu ni kama 39 kwa sekunde. Kwa tabaka la kaboni 11, makumi kadhaa kwa sekunde ni jibu la kuaminika. Mamia yanaashiria matundu.

Usihofu upinzani wa bafa nyepesi kwa kasi ndogo: nA 40 kupitia kΩ 5 ni mV 0.2 tu. Kwa 5 V/s mkondo wa sanduku huwa mkubwa mara hamsini, kwa hiyo pima upinzani wa seli na uhesabu tena kabla ya kuamini.

## Thibitisha kwamba ni protini

Majaribio mawili, yote ya lazima. La kwanza unalo tayari: sanduku tupu lisilo na kilele kwenye nafasi ileile. La pili, ongeza KCl kwenye seli hadi 0.5 M, koroga dakika kumi, suuza, rudi kwenye bafa 5 mM. Vilele vitakuwa vimepungua sana au kutoweka, na sanduku litabaki jembamba. Hapo umeonesha kwamba kilichoshikwa kilishikwa kwa chaji, na kwamba tabaka la chini ni zima.

Kisha laza protini upya kwa saa mbili. Vilele vikirudi, mhakiki hana la kusema.

## Yanapoharibika

Hakuna kilele, sanduku jembamba. Bafa ina chumvi nyingi, au pH iko chini. Ya tatu ni mipangilio ya vingazi. Kagua hivyo vitatu kabla ya kununua protini mpya.

Hakuna kilele, sanduku pana. Tabaka lina matundu. Rudi Hatua ya 2, si ya 3, maana thioli haikosei mara nyingi kama dhahabu chafu.

Kilele kipo lakini kimeenda hasi kwa mamia ya milivolti. Saitokromu c imefumuka. Chuma cha hemu hushikwa na asidi amino mbili za mnyororo wa protini, histidini ya 18 upande mmoja na methionini ya 80 upande mwingine, na methionini ikiachia, volti hushuka kwa kiasi hicho. Kwenye protini nzito (0.5 mM au zaidi) angalia ufyonzaji hafifu wa nm 695: ukiwepo, methionini imeshika, na tatizo liko juu ya uso wa elektrodi, si ndani ya chupa.

Kilele hupungua kila mzunguko. Protini inaondoka. Mara nyingi ni rejea inayovujisha KCl kwenye mL 10 za bafa yako: mL 0.1 tu ya KCl 3 M inaongeza 30 mM. Tumia mrija wa daraja wenye bafa.

Vilele vyote vimesogea pamoja mV 30 au 40. Ni rejea hiyo tena. Ilinganishe na nyingine kwenye KCl 3 M, zisitofautiane zaidi ya mV 3. Isihifadhiwe ikiwa kavu wala kwenye maji matupu.

## Kuiweka na kuitumia tena

Elektrodi yenye thioli peke yake hukaa kwenye mchanganyiko wake wa ethanoli kwa wiki kadhaa, gizani. Ikishawekwa protini, itunze ndani ya bafa 5 mM kwenye nyuzi 4 na uipime siku hiyo au kesho yake. Ukimaliza, toa protini kwa KCl 0.5 M, toa thioli kwa NaOH kama Hatua ya 2, na uanze upya. Tabaka la wiki iliyopita usiliweke protini mpya bila kupima sanduku lake kwanza: likizidi µF 4 kwa cm², litoe.